Mtoto amepona malaria lakini anasahau: je, mashine ya kufundisha ubongo ina faida kwa Kasongo na Kabambare?

Walimu wengi wa masomo ya msingi katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, wanamjua mtoto wa namna hii. Alikuwa anasoma vizuri. Mvua ikaanza, akashikwa na malaria kali, akatetemeka, akapoteza fahamu, akapelekwa hospitalini, akapona. Nyumbani walimshukuru Mungu. Lakini aliporudi darasani, somo la jana haliko tena kichwani. Anatumwa kununua vitu vitatu sokoni, anarudi na kimoja. Mwalimu anasema amekuwa mvivu. Majirani wengine wanaanza kunong'ona mambo ya uchawi.

Wazazi wenye simu wanatafuta msaada kwenye intaneti, na huko wanakutana na ahadi moja kubwa: kwamba ubongo una midundo yake, kwamba mashine inaweza kuifundisha midundo hiyo, na kwamba kumbukumbu itarudi. Njia hiyo inaitwa nyurofidibaki. Inauzwa katika kliniki za Ulaya na Marekani, na siku hizi kuna hata vitambaa vya kichwa vinavyounganishwa na simu, kwa bei ya mamia ya dola.

Je, kuna ukweli ndani yake? Na kama upo, ni kwa mtoto wa Kasongo pia?

Malaria inayofika kwenye ubongo

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana RDC ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Vimelea vya aina ya Plasmodium falciparum vinafanya chembe nyekundu za damu zigandamane kwenye kuta za mishipa midogo. Jambo hilo likitokea ndani ya ubongo, damu haipiti vizuri, ubongo unaweza kuvimba, mtoto anapata degedege na kupoteza fahamu. Wengine wanakufa. Wanaobaki wanahesabiwa kuwa wamepona, na kwa muda mrefu karibu hakuna aliyewauliza swali la pili.

Waliouliza swali hilo ni watafiti wa Uganda na wenzao wa Marekani. Katika hospitali ya Mulago, mjini Kampala, waliwafuata watoto wa miaka 5 hadi 12 waliolazwa kwa malaria ya ubongo, wakawapima uwezo wa kukumbuka, kujifunza na kutuliza akili, kisha wakawalinganisha na watoto wazima kutoka mitaa ile ile. Matokeo yalitolewa mwaka 2007 na mwaka 2008. Miezi 6 baada ya kutoka hospitalini, asilimia 21,4 ya watoto hao walikuwa na upungufu katika angalau sehemu moja ya akili, wakati kwa watoto wazima ilikuwa asilimia 5,8. Baada ya miaka 2, upungufu ulionekana kwa asilimia 26,3 ya waliougua, na kwa asilimia 7,6 ya wazima.

Maana yake ni kwamba zaidi ya mtoto mmoja kwa kila wanne bado alikuwa na shida miaka miwili baadaye, wakati familia imeshasahau hata tarehe ya kulazwa. Na hesabu hiyo haikupungua kwa kadiri muda ulivyopita. Mtoto anayeitwa mvivu katika darasa la nne anaweza kuwa anabeba alama ya homa ya darasa la pili.

Midundo ya ubongo ni nini?

Chembe za ubongo zinazungumza kwa umeme mdogo sana. Zikifanya kazi kwa pamoja, umeme huo unapanda na kushuka kama mawimbi, na unaweza kupimwa kutoka nje ya kichwa. Wa kwanza kuuandika kwa binadamu alikuwa daktari Mjerumani Hans Berger, mjini Jena, mwaka 1924. Alitangaza kazi yake mwaka 1929. Kipimo hicho mpaka leo kinaitwa elektroensefalogramu, kwa kifupi EEG.

Mtu aliyefumba macho na kutulia anaonyesha mdundo wa alfa, wa mawimbi 8 hadi 13 kwa sekunde. Aliyelala usingizi mzito anaonyesha mawimbi makubwa ya polepole. Mdundo wa teta, wa mawimbi 4 hadi 8, unaonekana sana wakati ubongo unashika jambo jipya au unatafuta la zamani. Hapo ndipo kumbukumbu inaingia katika hadithi hii.

Kipimo hiki hakikuja Afrika kwa ajili ya kuuza ndoto. Kule Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, madaktari walikitumia kwa watoto waliopoteza fahamu kwa sababu ya malaria. Waliona kwamba mtoto anaweza kuwa katika degedege bila mwili kutetemeka: ni jicho tu linalocheza, au mate yanayotoka. Bila EEG mtu angesema amelala kwa utulivu.

Kasongo yenyewe ina nafasi katika historia ya ugonjwa mwingine unaovuruga midundo hii. Mwaka 1903, shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Liverpool, Uingereza, ilituma wanasayansi katika Kongo ya mfalme Léopold II kuchunguza malale, yaani ugonjwa wa usingizi. Mmoja wao alikuwa Joseph Everett Dutton, ambaye miaka michache kabla, akiwa Gambia, alikuwa amekitambua kimelea cha ugonjwa huo katika damu ya binadamu. Alipanda na mto pamoja na mwenzake John Lancelot Todd mpaka Kasongo. Walikuwa wakichunguza pia homa inayoletwa na papasi, ikawashika wao wenyewe. Dutton alikufa Kasongo tarehe 27 mwezi wa pili mwaka 1905, akiwa na miaka 30.

Malale inajulikana kwa jina la usingizi, lakini mgonjwa hazidishi kulala. Saa ya ubongo wake imevunjika: analala mchana vipande vipande, usiku yuko macho. Akili inachafuka, maneno yanapotea, tabia inabadilika. Maniema ni kati ya majimbo ambako ugonjwa huu umekuwa ukionekana, na RDC bado ina wagonjwa wengi kuliko nchi nyingine zote. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2018 wagonjwa wapya duniani wanahesabiwa chini ya 1.000 kwa mwaka, na kuna vidonge vya fexinidazole vinavyomezwa kwa siku 10. Kwa hiyo mtu mzima wa Maniema anayeanza kusahau na kusinzia mchana, kipimo chake cha kwanza ni cha damu.

Paka wa California na kengele ya Chicago

Kupima mdundo ni jambo moja. Kuufundisha ni lingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti Joe Kamiya wa Chicago alimfunga mtu elektrodi kichwani na kumwomba abahatishe, kila kengele inapolia, kama ubongo wake uko kwenye alfa au hapana. Alimjibu papo hapo: umepata, umekosa. Baada ya siku chache mtu yule alikuwa anapata karibu kila mara. Alikuwa amejifunza kuhisi kitu ambacho hakuna anayekihisi.

Katika miaka ya 1960, Barry Sterman wa California alifanya hivyo kwa paka. Kila paka alipotoa mdundo fulani wa mawimbi 12 hadi 15 kwa sekunde, alipewa maziwa kidogo. Paka wakajifunza kuutoa kwa makusudi. Baadaye Sterman aliombwa kuchunguza sumu ya mafuta ya roketi, inayoleta degedege, na akaona kwamba paka waliofundishwa waliistahimili kuliko wengine. Hakuna mtu aliyewaambia paka wategemee nini. Ndiyo maana kazi ile inaheshimiwa mpaka leo, na ndiyo iliyofungua mlango wa kujaribu njia hii kwa wagonjwa wa kifafa.

Siku hizi kikao kinakuwa hivi. Mtu anakaa mbele ya kompyuta, elektrodi zimebandikwa kichwani kwa dawa ya kupitisha umeme. Kwenye skrini kuna filamu au mchezo. Mdundo unaotakiwa ukipanda, picha inang'aa au chombo kinakwenda mbele. Ukishuka, picha inafifia. Hakuna umeme unaoingia kichwani. Mashine inasoma tu. Vikao vinaweza kuwa 10, vinaweza kuwa 40, kila kimoja karibu nusu saa.

Na kumbukumbu? Mwaka 2003, wanafunzi wa London walifanya vikao 8. Waliokuza mdundo ule wa paka, wa mawimbi 12 hadi 15, walikumbuka maneno vizuri zaidi kuliko mwanzo. Waliojaribu kukuza teta, mdundo ambao ndio ulitegemewa kusaidia kumbukumbu, hawakupata kitu. Tangu hapo kuna tafiti ndogo ndogo nyingi, zenye watu 10, 20, 30, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu wenye afya. Zingine zinaonyesha faida, zingine hapana.

Tatizo la kulinganisha

Mtu akikaa mara 30 mbele ya mashine, na mtaalamu mpole pembeni, na wazazi wamelipa, na kila mtu anasubiri mabadiliko, kuna uwezekano mkubwa wa kusema amepata nafuu. Nafuu hiyo inaweza kuwa ya kweli bila kutoka kwenye mdundo. Ili kujua, inabidi kuwe na kundi lingine lenye elektrodi, mchezo na mtaalamu vile vile, lakini skrini yao isiongozwe na ubongo wao.

Jaribio la namna hiyo lilifanywa Marekani kwa watoto zaidi ya 140 wa miaka 7 hadi 10 wenye shida ya kutulia na kufuatilia jambo. Kila mtoto alipangiwa vikao 38. Wengine skrini yao ilifuata ubongo wao. Wengine, bila kujua wala wazazi wao kujua, ilifuata midundo iliyorekodiwa kwa mtu mwingine. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu ya kundi la kweli haikuwa kubwa kuliko ya lile lingine. Huko Salzburg, Austria, mwaka 2017, jaribio kama hilo kwa watu wenye kukosa usingizi lilitoa jibu lile lile.

Kasongo inaelewa faida ya kulinganisha kuliko miji mingi. Katika miaka ya 1970, chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, kilianzisha hapa kazi iliyojulikana kama Projet Kasongo: vituo vya afya karibu na watu na hospitali moja ya kupokea wagonjwa wakubwa, mpango unaofanana na zoni za afya za leo. Ndani ya kazi hiyo watoto waliochanjwa surua walilinganishwa na wale wa sehemu ambako chanjo ilikuwa haijafika, na matokeo yakachapishwa Uingereza mwaka 1981. Yalizusha mjadala mkubwa, tafiti nyingine zikafuata katika nchi nyingi, na leo hakuna daktari anayeuliza tena kama chanjo ya surua inaokoa maisha. Chanjo ilipita kwenye moto huo ikatoka nzima. Nyurofidibaki kwa ajili ya kumbukumbu bado haijatoka.

Kwa hiyo mzazi wa Kabambare anayewaza kuuza mbuzi ili ndugu wa Ulaya amtumie kitambaa cha kichwa, afadhali mbuzi abaki zizini. Vitambaa vile vina elektrodi chache, nywele na jasho vinavuruga kipimo, na hata kukunja uso kunaweza kuhesabiwa kama mdundo wa ubongo. Hata mashine nzuri zaidi ya kliniki haijajaribiwa vya kutosha kwa mtoto aliyepona malaria ya ubongo.

Michezo ya kompyuta ya Uganda

Kuna mazoezi mengine, hata hivyo, ambayo yamejaribiwa kwa watoto wa aina hii, na si mbali. Mwanasaikolojia Paul Bangirana wa chuo kikuu cha Makerere, Michael Boivin wa Marekani na wenzao walichukua programu ya michezo ya kompyuta ya kufundisha akili, iitwayo Captain's Log. Haina elektrodi. Mtoto anakumbuka mahali picha ilipojificha, anafuata mfululizo wa alama, anatafuta kinachofanana. Akishinda, mchezo unakuwa mgumu zaidi.

Jaribio la kwanza kwa watoto waliopona malaria ya ubongo, lililotolewa mwaka 2009, lilidumu wiki 8. Mara baada ya mazoezi, watoto waliocheza walionyesha maendeleo katika kujifunza na katika uharaka wa kufikiri kuliko wale ambao hawakucheza. Hapo watafiti wangeweza kusimama na kushangilia. Hawakufanya hivyo.

Walirudi na jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2019: watoto 150 waliopona malaria kali na watoto 150 ambao hawakuugua. Kila upande uligawanywa mara tatu. Kundi la kwanza lilipata vikao 24 ambavyo mchezo unazidi ugumu kadiri mtoto anavyoendelea. La pili lilipata vikao 24 vya mchezo usiopanda, unaozunguka tu kati ya rahisi na wastani. La tatu halikupata kitu.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Katika watoto waliopona malaria, waliopata faida ya wazi kwenye kumbukumbu ya muda mfupi na kwenye kufikiri ni wale wa mchezo rahisi. Mwaka mmoja baadaye watoto hao bado walikuwa wepesi zaidi katika kuwa makini kuliko wale ambao hawakucheza.

Mtu anaweza kusoma jambo hilo kwa njia mbili. Huenda ubongo ulioumia unachoka mapema, na mchezo unaopanda haraka unamvunja moyo mtoto. Huenda pia faida inatoka kwenye kitu kingine: mtoto kutoka nyumbani, kukaa na mtu mzima anayemsikiliza, kufanya kazi yenye mpangilio mara kadhaa kwa wiki, na kushinda. Kama ni hivyo, basi sehemu ya dawa haihitaji kompyuta kabisa. Lakini isomwe vyovyote, inamgusa kila mwalimu anayemkaripia mtoto aliyerudi kutoka hospitalini ili awafikie wenzake haraka.

Kilicho karibu na mkono

Kompyuta yenyewe si kitu kisichowezekana Kasongo. Kuna paneli za jua, kuna simu, kuna vijana wanaojua kuzitumia. Kabambare ni ngumu zaidi: barabara zinakatika wakati wa mvua, na upande wa Salamabila mapigano kati ya jeshi la FARDC na Mai-Mai Malaika yamekimbiza familia mara kadhaa. Mtoto anayelala porini na sikio wazi hawezi kushika masomo, maana jambo lililosomwa mchana linakazwa kichwani usiku, wakati wa yale mawimbi makubwa ya polepole ya usingizi mzito. Hiyo ndiyo kazi ya midundo ya ubongo isiyohitaji mashine, na ndiyo ya kwanza ambayo vita inaiba.

Kwa watu wazima waliopita katika ukatili, mashariki mwa Kongo kuna jaribio lililofanikiwa bila elektrodi hata moja. Wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono walifuatiliwa vijijini. Katika vijiji vingine walipata msaada wa mazungumzo wa kawaida, katika vingine walikutana kwa makundi kufundishwa namna ya kuyashika na kuyapanga mawazo yanayorudi kila mara. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yaliandaliwa upya ili yashikwe kwa kichwa. Miezi 6 baada ya kumaliza, asilimia 9 ya wanawake wa makundi walikuwa bado na dalili kali za huzuni au hofu. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 42. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2013.

Kuna pia sumu. Katika machimbo ya dhahabu, zebaki inayochomwa ili kuacha dhahabu safi inapanda kama moshi usioonekana na kuingia kwenye mapafu, kisha kwenye ubongo. Inaleta kutetemeka na kusahau, na inamdhuru zaidi mtoto aliye tumboni. Mtu anayeichomea jikoni, karibu na mama mjamzito, anaharibu kumbukumbu ambayo bado haijaanza kuandikwa.

Na kuna shule. Kasongo ni kati ya vituo vya zamani vya Uislamu nchini tangu enzi za Tippu Tip, na katika vyuo vya Korani watoto wamezoea mpango ambao wanasayansi waliupima baadaye sana. Mtoto anasoma kipande kipya, anafunika, anasema bila kuangalia. Kesho anaulizwa cha jana, na baada ya wiki anarudishwa kwenye cha mwanzo. Wazee waliopita kwenye katekisimu ya parokia wanaujua pia.

Mwaka 2006, watafiti wa mji wa Saint Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wengine waliyasoma mara ya pili, wengine waliyafunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili ndio walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, waliojipima walikumbuka asilimia 56. Hakuna kitu kilichonunuliwa, ila karatasi.

Ni kweli kwamba jaribio lile lilikuwa la wanafunzi wenye afya, wala si la watoto waliotoka kwenye malaria. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi 60 na ubao mmoja anaweza kuanza kesho asubuhi: maswali matatu ya jana kabla ya somo la leo, moja rahisi kwa yule aliyerudi kutoka hospitalini.

Saa za kwanza

Sehemu kubwa ya kumbukumbu inaokolewa kabla ya mtoto kupoteza fahamu. Jaribio lililofanywa katika nchi 9 za Afrika, RDC ikiwemo, kwa watoto 5.425 wenye malaria kali, lilionyesha mwaka 2010 kwamba sindano ya artesunate inaokoa wengi kuliko kinini: waliokufa walikuwa asilimia 8,5 badala ya 10,9. Tangu hapo ndiyo dawa inayotakiwa kutangulia. Lakini inamtakia mtoto afike. Familia zinazokaa na homa siku tatu nyumbani, zikisubiri pikipiki au zikijaribu vidonge vya sokoni, zinapoteza saa ambazo hakuna mazoezi ya ubongo yatakayozirudisha. Chandarua, kipimo cha haraka cha malaria na barua ya kumtuma mgonjwa hospitali kuu bado ndivyo vinavyolinda kumbukumbu ya mtoto wa Maniema kuliko kitu kingine chochote kinachouzwa.

Kinachokosekana baada ya hapo ni mfuatilio. Mtoto akiruhusiwa kutoka hospitalini, karatasi yake inaandika dawa alizopewa. Haimwambii mwalimu kitu. Muuguzi angeweza kuongeza mstari mmoja: huyu alipoteza fahamu, mumwangalie darasani. Na kwa kuwa Mulago ilionyesha kwamba shida inabaki hata baada ya miaka miwili, kumwangalia mara moja hakutoshi. Mtoto aliyelazwa mwezi wa kumi na moja, katikati ya mvua, anatakiwa kuulizwa tena mwezi wa tano: akumbuke hadithi fupi, arudishe namba tano alizosikia, aende dukani na kurudi na vitu vitatu. Ni dakika kumi, kabla ya wenzake kukaa kwenye mtihani wa mwisho wa masomo ya msingi na yeye kuambiwa arudie mwaka.